Nani Kasema Ni Rangi Tu?

Msimu wa vitunguu ukikolea, bonde la Lumuma hujaa Fuso na Canter. Zinaingia kutoka upande wa Kilosa, nyingine zinatokea Mpwapwa, na zote zinasubiri magunia yashonwe lumbesa. Wakati huo wa kusubiri, madereva na matajiri wao hukaa kivulini wakizungumza magari. Katika mazungumzo hayo kuna kauli isiyokosa, na anayeitoa huitoa kama hakimu anayefunga kesi: "Ah, hiyo si ni rangi tu!" Fulani kaagiza gari, kaambiwa rangi anayoitaka haipo, asubiri au aongeze pesa. Wizi huo, ni rangi tu. Mwingine kapeleka kichwa cha Fuso kwa fundi kigeuzwe kutoka nyeupe kiwe kijani, fundi kataja bei, basi fundi naye kawa mwizi. Injini ina kazi, gia ina kazi, rangi ni kufungua kopo na kupuliza.

Kauli hiyo naipinga kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Sina mpango wa kuwatetea wenye viwanda vikubwa, hao wana wanasheria wao na hawanijui. Ninachotetea ni hesabu. Anayeamini kwamba rangi ni kitu cha juujuu hawezi kuelewa kwa nini gari la rangi ya pekee linagharimu, na kwa kuwa mwenye kiwanda yuko ng'ambo na hasikii kelele zake, hasira zote zinamwishia fundi wa gereji ya barabarani, ambaye analipwa pungufu ya kopo alilolinunua.

Wapo wasomi wenye imani hiyohiyo, ila wao huipamba kwa hadithi ya Henry Ford. Wanasema Ford alikuwa mzee mkaidi aliyewalazimisha Wamarekani wote kuendesha gari jeusi, na kwamba angetaka tu, angewapa rangi. Historia haisemi hivyo. Model T ilipoanza mwaka 1908 haikuwa nyeusi peke yake. Zilikuwepo za kijani, nyekundu, kijivu na buluu. Weusi mtupu ulikuja mwaka 1914, wakati mkanda wa kuunganishia magari uliposhika kasi, ukadumu hadi mwaka 1925. Ford aliondoa rangi nyingine pale alipotaka kuzalisha magari mengi na kwa bei nafuu. Rangi nyeusi ya siku zile ilikuwa ya bei ndogo, ilihimili misukosuko, na magari yote yakiwa ya rangi moja, kiwanda hakikuwa na la kupanga. Magari ya rangi ya wakati ule yalipakwa vanishi tabaka juu ya tabaka na kuachwa wiki kadhaa yakauke. Hebu piga picha eneo linalotakiwa kuyahifadhi magari ya wiki kadhaa yaliyopangwa yanasubiri kukauka, huku kiwanda kinatoa gari kila baada ya dakika chache.

Aliyeifungua njia ya rangi alikuwa mkemia. Kampuni ya DuPont ilitengeneza rangi iliyoitwa Duco, yenye kukauka haraka, na General Motors wakaitumia kwenye magari yao ya Oakland ya mwaka 1924, ya buluu. Wiki zikageuka siku. Ford mwenyewe akarudisha rangi kwenye Model T za mwaka 1926. Kwa hiyo tajiri mwenye kiwanda kikubwa kuliko vyote duniani alishindwa na rangi kwa zaidi ya miaka kumi, na mtu anakaa juu ya gunia la vitunguu akisema ni kupuliza tu.

Tuingie kiwandani. Katika kiwanda cha magari cha leo, sehemu ya rangi kwa kawaida ndiyo iliyomeza mtaji mwingi kuliko nyingine, na ndiyo inayokula nishati nyingi zaidi. Bodi ya chuma tupu inaoshwa mafuta, inapitishwa kwenye dawa ya fosfeti ili rangi ipate pa kushika, kisha inazamishwa nzima ndani ya bwawa la praima lenye umeme. Umeme ndio unaoivuta praima iingie hadi kwenye mikunjo na matundu ambayo bunduki ya rangi haiwezi kuyafikia. Bodi ikitoka hapo inaingia tanuri la nyuzi 170 au zaidi. Baada ya hapo viungo vinazibwa kwa lakiri, tabaka la kusawazisha linapulizwa, ndipo inakuja rangi yenyewe, na juu yake tabaka angavu la kuilinda, halafu tanuri tena, la nyuzi kama 140. Ukizipima tabaka zote kwa pamoja utapata kama sehemu moja ya kumi ya milimita, au zaidi ya hapo kidogo. Ile rangi unayoiona, unayobishania, unayoilipia, ndiyo nyembamba kuliko zote. Mikroni 12 hadi 20 tu. Tabaka zote za kupuliza zinapulizwa ndani ya chumba ambacho hewa yake imechujwa vumbi na kuwekwa kwenye joto la nyuzi 23 hivi na unyevu usiobadilika mchana wala usiku.

Sasa mteja mmoja anasema: mimi nataka la zambarau.

Rangi za kawaida za kiwanda, nyeupe, nyeusi na fedha, zinatoka chumba cha kuchanganyia na kusafiri kwenye mabomba marefu hadi kwenye mikono ya roboti. Zinazungushwa humo saa zote ili chembe zisizame chini. Zambarau yako haina bomba lake. Inabidi iletwe pembeni kwa chombo kidogo, na kabla roboti haijaipuliza, njia yote iliyopita rangi ya gari lililotangulia isafishwe kwa thina. Ikishapulizwa, isafishwe tena kwa ajili ya gari linalofuata. Thina inamwagika, rangi iliyobaki njiani inamwagika, sekunde zinapotea, na kwenye mkanda unaotembea sekunde ni fedha. Mkulima wa Lumuma hahitaji kufundishwa jambo hili. Yeye anajua kwamba ukihamishia maji ya zamu kwenye mfereji mkavu, ardhi inakunywa kwanza, na jaruba linapata kilichosalia. Ukihamisha maji kila baada ya jaruba moja, zamu nzima itaishia kulowesha mifereji. Ndiyo maana zamu za maji hupangwa kwa kufuata mkondo, na mwenye shamba lake peke yake kule mwisho analalamikiwa na wenzake hata kama haki ya maji anayo.

Kiwanda nacho kinapanga zamu. Kinataka magari meupe yafuatane, kisha ya fedha, kisha meusi. Lakini magari yakitoka kwenye rangi yanaingia kwenye kuunganishwa, na huko utaratibu unaotakiwa ni wa kinyume kabisa. Gari lenye dirisha la paa, viyoyozi viwili au injini kubwa linahitaji muda mrefu zaidi kwa mafundi wake, kwa hiyo magari ya aina hiyo hayatakiwi kufuatana, yanatakiwa yatawanywe. Wa rangi wanataka mafungu, wa kuunganisha wanataka mchanganyiko. Viti vya gari lako vimeshapakiwa kwenye lori la msambazaji kwa mpangilio wa namba za magari yatakavyofika. Gari moja likitoka na doa kwenye rangi na kurudishwa kusahihishwa, mpangilio wote wa nyuma yake unayumba, na ndiyo sababu viwanda hujenga maghala ya kuhifadhi bodi zilizopakwa, ili yafanye kazi moja tu: kuzipanga upya foleni.

Kuna atakayesema kompyuta ipo, itapanga. Mwaka 2005 chama cha Ufaransa cha wataalamu wa hisabati za uendeshaji, ROADEF, kiliandaa shindano la kimataifa, na mwenye swali alikuwa Renault. Swali lenyewe lilikuwa hili hili: yapangie magari ya siku moja foleni, upunguze kadiri uwezavyo mara ambazo bunduki za rangi zitasafishwa, usizidishe idadi fulani ya magari ya rangi moja mfululizo, na wakati huohuo utawanye magari yenye vifaa vizito. Timu za vyuo vikuu zilikesha na swali hilo. Zilipata majibu mazuri, mengine mazuri sana, lakini swali lenyewe ni la lile kundi ambalo hakuna anayejua njia ya kulitatua kwa haraka na kwa uhakika wa kupata jibu bora kabisa kila mara, kadiri magari yanavyoongezeka. Kampuni kubwa ya magari ilikwenda kuomba msaada wa wanahisabati wa dunia kwa sababu ya zamu za kupuliza rangi. Kama ingekuwa rangi tu, wangempigia simu muuza rangi.

Na hapo bado sijaligusa bampa. Bampa ni plastiki, mara nyingi hupakwa mahali pengine, hata na kampuni nyingine, kwa joto dogo zaidi kwa sababu tanuri la nyuzi 140 lingelikunja. Vivyo hivyo vioo vya pembeni na vishikio vya milango. Rangi ya plastiki inachanganywa tofauti ili isipasuke plastiki inapopindapinda. Kwa hiyo zambarau yako moja ni zambarau mbili au tatu zinazotakiwa kufanana zikishakutana kwenye gari moja, juani, mbele ya mteja aliyelipa zaidi na anayetafuta kosa. Ikiwa ni rangi yenye chembe za alumini, kazi inaongezeka, maana chembe hizo hulala kwa namna inayotegemea bunduki, unyevu, kasi na unene. Zikilala vizuri rangi inang'aa, zikisimama inaonekana nzito. Ukisimama mbele ya gari rangi ni ile ile. Ukienda pembeni mlango na bampa vimeshagombana. Ndiyo maana vipimo vya rangi hizo havichukuliwi kutoka upande mmoja. Mashine inapima kutoka pembe kadhaa, na kila pembe iafiki. Rangi mpya ya kiwanda huchukua miaka miwili mitatu kutoka mezani kwa mbunifu hadi barabarani, na sehemu ya muda huo vipande vyake huwa vimeanikwa kwenye jua la Florida, vikipigwa na joto na unyevu ili ijulikane kama vitapauka.

Hapa nina hoja ambayo wapinzani wangu hawaijibu, na naona ndiyo inayomaliza ubishi. Toyota ina nyeupe ya lulu yenye namba 070. Ni rangi ya tabaka tatu, nyeupe ya chini, lulu ya kati, na angavu ya juu. Kwa utaalamu ni ngumu kuliko nyekundu ya kawaida au kijani cha jani. Lakini huko Japani, mnunuzi wa gari jipya aliongezewa kwa rangi hiyo takriban yen 33,000 tu. Kwa nini? Kwa sababu maelfu wanaichagua. Ina bomba lake, ina zamu yake, bampa zake zinapakwa kwa mafungu, na namba yake iko kwenye kila duka la rangi kuanzia Nagoya hadi Kariakoo. Linganisha na mtu anayetaka kijani rahisi kisicho na lulu wala chembe, ila ni kijani chake peke yake. Huyo atalipa mara nyingi zaidi ya hapo. Kinacholipiwa ni upweke wa gari lake kwenye foleni. Mtu akishaelewa hilo, kauli ya "ni rangi tu" haina pa kusimama, kwa kuwa kopo la kijani ni rahisi kuliko kopo la lulu na gari la kijani ni ghali kuliko gari la lulu.

Hebu niongeze kisa cha mwaka 2011, kwa kuwa wengi wanadhani rangi inachotwa popote. Tarehe 11 Machi mwaka huo tetemeko na tsunami viliipiga Japani. Huko Onahama, mkoa wa Fukushima, kulikuwa na kiwanda cha kampuni ya Kijerumani ya Merck kilichotengeneza unga wa kung'arisha rangi uitwao Xirallic. Kilikuwa kiwanda pekee duniani kilichoutengeneza. Kilipofungwa, Ford waliwaambia wauzaji wao wa Marekani waache kuchukua oda za aina fulani ya nyeusi na baadhi ya nyekundu, na Chrysler nao wakabana orodha yao ya rangi. Injini zilikuwepo, matairi yalikuwepo, chuma kilikuwepo. Kilichokosekana ni unga mwembamba wa alumini oksaidi uliovikwa titani dioksaidi. Sisi wa Morogoro tungestahili kulijua hili mapema kuliko wengi: milima ya Uluguru ilichimbwa ulanga tangu enzi za Mjerumani, ingawa zamani zile ulikwenda kwenye vifaa vya umeme, na leo ulanga uliosagwa ni moja ya malighafi za rangi za lulu duniani. Mtu anaweza kuwa amezaliwa juu ya mwamba wa lulu na bado akasema ni rangi tu.

Sasa niijibu hoja yao nzito, ambayo naiheshimu. Wanasema: mbona pale Mikumi, kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, yupo fundi mwenye kompresa moja, bunduki moja na turubai, ukimpelekea Fuso nyeupe anakurudishia ya kijani, nyekundu au ya bluu ya bahari, na hakuulizi foleni wala bomba? Kama yeye anaweza, kiwanda chenye roboti kinalialia nini?

Kwanza, fundi hafanyi kazi ya kiwanda. Chini ya rangi yake ipo ile praima ya umeme iliyoingia kila kona, na fundi mwenye akili haigusi. Anakwangua juu kwa msasa, anaweka puti palipobonyea, anapuliza. Akiikwangua hadi chuma, mvua mbili tatu za masika zitamfuata na kutu. Rangi yake haipikwi kwa tanuri. Inagandishwa kwa haidena. Akikosea kipimo cha haidena inabaki laini au inapasuka. Hana chumba cha hewa iliyochujwa, ana upepo wa lori linalopita. Kipindi cha unyevu, rangi za kukauka haraka zinaweza kutoka na ukungu mweupe kabla jioni haijafika. Pili, na hili ndilo wanaloliruka, fundi hana foleni kwa sababu amejifungia foleni mwenyewe. Fuso yako ikiwa chini ya turubai siku nne, hakuna gari jingine litakaloingia hapo. Anachokidai kwa siku hizo nne ndicho kiwanda kinachokidai kwa kusimamisha zamu yake, isipokuwa kiwanda kinakitaja kwa karatasi yenye nembo na mteja analipa kimya, na fundi anakitaja kwa mdomo na mteja anampunguzia.

Tatu ni kazi ambayo hata kiwanda hakiifanyi. Kiwanda kinapaka gari zima, jipya, kwa rangi mpya. Fundi anapewa mlango mmoja wa gari lililozeeka na kuambiwa ufanane na mingine. Nilimtazama mmoja akihangaika na mlango wa Noah ya rangi ya fedha, ya dalali wa vitunguu, iliyokuwa imekwaruzwa na trekta. Namba ya rangi ipo kwenye kibati cha gari, kwenye mstari wenye herufi C/TR, ilikuwa 1F7. Alichanganyiwa dukani sawasawa na fomula, na rangi ile ilikuwa sahihi kabisa kwa gari lililotoka kiwandani juzi. Gari lililo mbele yake lilikuwa limepauka kwa jua la miaka. Akadondosha nyeusi kidogo sana kwa ncha ya kijiti, akakoroga, akapuliza kwenye kipande cha bati, akakingoja kikauke, maana rangi yenye chembe ikiwa mbichi inadanganya. Akakiegemeza kwenye ubavu wa gari. Kwa mbele kilikaa. Akapiga hatua tatu pembeni, akainama, akatikisa kichwa. Nyeupe kidogo. Bati jingine. Akalitoa kivulini, akalirudisha juani. Alipoona imefika, hakuupuliza mlango peke yake. Aliipeleka rangi mpaka kwenye ubavu wa nyuma akiifanya ipotee taratibu, jicho lisipate mahali pa kusema hapa ndipo mpaka ulipo. Wakati wote huo mwenye gari alikuwa pembeni anauliza kinachochelewesha ni nini, kwani rangi si umeshanunua?

Rangi alikuwa ameshainunua, kweli. Alichokuwa akikitoa muda ule ni jicho, na jicho halina risiti. Huu ndio utaratibu wetu mbovu wa kulipa: bei ya kopo inajulikana, thina inajulikana, msasa unahesabiwa kwa karatasi, na ufundi unakuwa chenji iliyobaki baada ya vyote hivyo kutolewa. Nusu ya siku ya kukoroga na kuinama haimo kwenye mapatano. Wala haimo hatari ya haidena, ambayo ndani yake mna kemikali za isosianeti zinazoweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Viwandani wapulizaji wana hewa ya bomba kwenye barakoa, au wameondolewa kabisa na roboti zimechukua nafasi. Fundi wetu ana kitambaa puani.

Kuna tumaini jipya linalozungumzwa siku hizi, kwamba viwanda vya kuunganisha magari vikiwa hapa nyumbani, tutaagiza rangi tunayotaka kama tunavyoshonesha nguo. Pale Kibaha, kampuni ya GF inaunganisha malori ya FAW, na jirani zetu wa Kenya wana viwanda vya siku nyingi Mombasa na Thika. Ni jambo zuri na nalishangilia. Lakini anayetarajia rangi kutoka huko ajue kwanza ni kiwanda cha namna gani. Lori likija nusu limeunganishwa, kichwa kwa kawaida kinakuja kimeshapakwa, na rangi yake iliamuliwa mbali huko. Ili kiwanda kipake chenyewe kinahitaji bwawa la praima, tanuri, chumba cha hewa safi na maji machafu yanayosafishwa kabla hayajaachiwa mtoni. Gharama hiyo hailipiki kwa malori machache ya rangi kumi tofauti. Inalipika kwa malori mengi ya rangi mbili. Kadiri kiwanda kinavyokuwa kidogo ndivyo kinavyostahimili kidogo rangi za kuchaguachagua. Tena soko letu lenyewe linakisaidia: serikali, mashirika na wakandarasi kwa sehemu kubwa wananunua nyeupe.

Sikatai kwamba ipo faida ya kunenepa kwenye rangi za pekee. Porsche wana huduma ya kukuchanganyia rangi kwa kufuata sampuli yoyote uliyoipenda, hata ya kucha au kitambaa, na kabla ya kukubali wanaijaribu kwa miezi kama inawezekana kwenye gari zima; anayelipia hilo anatozwa pia kwa sababu anaweza kulipa. Na gereji pia zipo zinazotaja bei kwa kuangalia viatu vya mteja. Lakini mlafi akipandisha bei haina maana kwamba kitu hakikuwa na gharama. Wanaotumia walafi kama ushahidi kwamba rangi ni bure wanaruka ushahidi wa Renault, wa Fukushima na wa yule fundi aliyeinama kando ya Noah.

Tena gharama ya rangi ya pekee haiishi siku gari linapotoka gereji, na hapa ndipo matajiri wa Lumuma wanapojiumiza wenyewe. Fuso iliyokuwa nyeupe na sasa ni kijani cha kuchanganya kwa macho haina namba. Kibati bado kinasema nyeupe. Kadi ya usajili ya TRA nayo inasema nyeupe mpaka uende ukairekebishe, na askari wa trafiki anasoma kadi, hasomi mapenzi yako. Siku kichwa kikichubuliwa na lori jingine pale Ruaha Mbuyuni, fundi wa pili anaanza kubahatisha rangi ambayo fundi wa kwanza mwenyewe hakuiandika, na kila bati atakalolipuliza ni saa yako na pesa yako. Ukitaka kuiuza, mnunuzi anafungua mlango, anaona nyeupe kwenye mikunjo ya ndani, anauliza gari hili lilianguka wapi.

Anayetaka kijani chake na akitake. Gari ni lake. Ila aanze kwa kuchagua rangi yenye namba, hata kama ni namba ya kampuni nyingine ya magari, ili kesho ichanganywe popote. Akishindwa, fundi apime kwa gramu badala ya jicho peke yake, na mchanganyiko uandikwe kwenye karatasi inayokaa ndani ya gari. Nusu lita ibaki kwenye kopo lililofungwa vizuri, kabla haidena haijatiwa. Kadi ipelekwe TRA wiki hiyohiyo. Na siku ya mapatano, bei ya siku nne za turubai itajwe kwanza, ndipo mje kwenye bei ya kopo.